Kufundisha usuluhishi na ujenzi wa amani katika vyuo vya Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wakufunzi, wakuu wa vyuo, wazazi na wanachuo wenyewe. Ni maswali yanayorudi kila tunapokaa kulizungumzia somo hili, iwe Masasi, Nachingwea au Mtwara mjini. Mengine nimeyajibu kwa mistari michache. Machache yanahitaji maelezo marefu, nami sikuyabana.

Somo hili linafundisha nini hasa?

Linafundisha mambo ya kutenda. Kumsikiliza mtu mwenye hasira bila kumkatiza. Kuuliza swali linalomfanya mtu aeleze zaidi. Kutenganisha kile mtu anachodai na sababu inayomfanya akidai. Kuendesha kikao cha watu wawili waliokosana, kisha kuandika makubaliano yanayotekelezeka. Juu ya hayo kuna kuchambua mgogoro mkubwa wa jamii: ulianzia wapi, nani wamo, nani hunufaika ukiendelea, na nani hajawahi kuulizwa.

Anayesomea umeme wa majumbani, ushonaji, kilimo au uuguzi, wote linawahusu. Fundi atabishana na mteja aliyelipa nusu, na muuguzi atakutana na ndugu wa mgonjwa wanaofoka saa nane za usiku.

Je, hii si njia ya kuwafundisha vijana wanyamaze?

Swali hili huulizwa zaidi Mtwara mjini, na lina haki ya kuulizwa. Tarehe 22 Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, mji ulilipuka kwa vurugu kuhusu bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Watu walipoteza maisha, nyumba na ofisi zilichomwa, na wanajeshi wakaletwa. Wanachuo wa leo walikuwa watoto wakati ule, lakini wamekulia katika nyumba ambazo habari hiyo ingali mbichi. Wakiambiwa kuna kipindi cha amani, baadhi yao hudhani wanakuja kuhimizwa watulie.

Kwa hiyo kipindi cha kwanza nakitumia kwa jambo hilo tu. Johan Galtung, mtafiti wa Norway, alieleza mwaka 1969 kwamba watu kutopigana ni sehemu moja tu ya amani. Sehemu ya pili ni kuondoka kwa dhuluma iliyojengwa ndani ya mfumo, ile inayomwumiza mtu bila yeyote kumnyanyulia mkono. Kijiji kisicho na zahanati kinaweza kuwa kimya kabisa, na mama akafa njiani akipelekwa kujifungua. Wanachuo wakilishika hilo, hofu yao hupungua, kwa sababu wanaona somo linakwenda upande wa haki.

Mwanachuo aliyeiva hapa hudai vizuri zaidi kuliko alivyodai mwanzo. Anajua barua aiandike kwa nani, ashike ushahidi gani, akutane na nani kabla ya mkutano, na akubali lipi na akatae lipi. Chuo kinacholitaka somo hili ili serikali ya wanafunzi iache kulalamikia maharage yenye wadudu, bora kisilianzishe.

Tunaweza kuuzungumzia mgogoro wa gesi darasani?

Ndiyo, na kwa maoni yangu kuukwepa ni kosa. Mpe mkuu wa chuo taarifa mapema, mwonyeshe mpango wa kipindi, kisha ufundishe kwa uwazi.

Mimi huchora mstari wa miaka ubaoni, wanachuo wakaujaza. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982. Maandamano makubwa yalifanyika mwishoni mwa 2012, vurugu zikafuata 2013, na bomba likakamilika 2015. Karibu kila mara atatokea mmoja atakayesema mstari umeanza katikati. Atataja reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hapo darasa zima huchangamka, maana wengi wameisikia kwa babu zao: kwamba kusini kitu huletwa, kisha huondolewa. Bila kumbukumbu hiyo huwezi kuelewa kwa nini bomba la gesi liliwachoma watu kiasi kile.

Baada ya hapo tunagawa ubao. Upande mmoja tunaandika misimamo: gesi isitoke, gesi ni ya taifa zima. Upande wa pili tunaandika haja zilizo chini ya misimamo hiyo: ajira, viwanda, bandari yenye kazi, umeme wa nchi nzima, ahadi kutimizwa, kusikilizwa. Kisha makundi yanabadilishana, na aliyetetea upande mmoja autetee mwingine kwa nguvu ileile. Huwa wanagundua kwamba haja nyingi hazigombani, ingawa misimamo ilikuwa inagongana kabisa.

Lipo sharti moja lisilovunjwa: hakuna kutaja mtu, na hakuna kuuliza nani alifanya nini. Darasani anaweza kuwamo aliyepoteza ndugu, na pembeni yake mtoto wa askari.

Je, elimu hii haikutoka nje?

Mafunzo ya darasani yana historia yake huko. Manchester College ya Indiana, Marekani, ilianza programu ya masomo ya amani mwaka 1948, na Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, kikaanzisha idara yake 1973. Marekani ina pia vyuo vya jamii vya miaka miwili, vinavyofanana kwa mengi na vyuo vyetu vya kati, na baadhi yao vimeliingiza somo hili ndani ya kozi za kawaida. Sisi tunavyo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza 1975 kwa kuiga shule za wananchi za Sweden. Masasi, Newala, Mtawanya, Chilala na Kilwa Masoko ni miongoni mwake. Vinapokea mtu wa darasa la saba, mama kijana aliyekatisha masomo, na mkulima anayetaka kozi fupi. Sioni mahali panapofaa zaidi.

John Paul Lederach, Mmarekani aliyefanya kazi ya upatanishi Amerika ya Kati miaka ya 1980, alifikia hitimisho kwamba mafunzo yaliyoletwa yamefungwa tayari hayakai, na kwamba mwalimu aanze kwa kuchota yale ambayo wenyeji wanayajua. Shauri hilo nimelifuata, na ndilo linalonileta kwenye swali linalofuata.

Mila zetu zina nafasi gani?

Kubwa. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo hufuatwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa akiitwa penye ugomvi wa ndoa, mali au watoto. Nawaomba wanachuo waeleze kikao cha mjomba walichowahi kukishuhudia: nani alikaa wapi, nani alisema kwanza, lini watu walitoka nje kunong'ona, ilifungwa vipi. Ukisikiliza vizuri utakuta karibu kila hatua ya usuluhishi imo, pamoja na ile ya kuongea na kila upande faraghani.

Utani nao ni hazina. Mtani anaweza kumwambia mfiwa msibani ukweli ambao ndugu wa damu hathubutu kuusema, watu wakacheka na jambo likapita. Kundi lililojaa hasira linamhitaji mtu wa namna hiyo.

Lakini tusizipambe mila. Mara nyingi mwanamke huzungumziwa huku ameketi palepale. Kijana hupewa hukumu bila kuulizwa. Na mgeni asiye na mjomba kijijini, mfugaji kwa mfano, hana wa kumsemea. Wanachuo waseme nini wangekibakiza na nini wangekiacha. Mabinti huwa na mengi ya kusema hapo, na ni kazi ya mkufunzi kuhakikisha wanayasema kabla wavulana hawajamaliza muda.

Kijana wa miaka 20 atawasuluhishaje wazee?

Peke yake, hataweza, na asijaribu. Huingia kupitia mtu mzima anayeheshimika. Atamwendea mjomba au mwenyekiti wa kijiji, atamwamkia, atasema: "Shikamoo mzee. Nimeona jambo hili linakua. Ukiita kikao, mimi naweza kukuandikia." Akiwa mwandishi wa kikao, tuseme cha ugomvi wa mti wa mpakani, ana nafasi ya kuuliza, "Mzee, niandike nini hapa, matawi yote au yaliyovuka tu?" Swali la aina hiyo limewahi kuokoa vikao ambavyo wazee walikuwa wameshaanza kurudia maneno. Kwa vijana wenzake, bwenini, karakanani, kwenye bodaboda, hapo aongoze mwenyewe.

Nipeni mfano wa kipindi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Mfano ninaoupenda ni wa mkorosho wa mpakani. Oktoba, korosho zinaanguka. Mkorosho wa mzee umeota hatua chache kutoka mpaka, na matawi yake yamevuka hadi juu ya mbaazi za jirani, mama mwenye watoto watatu. Korosho zinazoanguka upande wa mama, watoto wanaokota na kumuuzia mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua kwa magendo nje ya chama cha msingi cha ushirika. Mzee amewafokea watoto. Mama ameapa kuukata mti.

Wanachuo watatu wanakaa mbele: mzee, mama na msuluhishi. Kila mmoja wa wawili wa kwanza anapewa kadi ambayo wengine hawaioni. Kadi ya mzee: "Ulipulizia dawa kwa mkopo, mwenye mashine anakudai, na hujamwambia mtu." Kadi ya mama: "Ulimwomba apunguze matawi. Alikucheka mbele ya watu kisimani." Msuluhishi hajui lolote kati ya hayo. Darasa linatazama na kuandika.

Msuluhishi anafungua kwa salamu na masharti: kila mtu aseme amalize, hakuna matusi, kinachosemwa hapa kibaki hapa. Kila upande unaeleza. Kabla upande wa pili haujajibu, unarudia ulichosikia mpaka mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Hatua hii inawachosha wanachuo, nao hutaka kuiruka. Usiwaruhusu.

Kisha maswali. Kijana wa ufundi bomba aliwahi kuyauliza hivi:

"Mama, umesema matawi yakatwe yote. Yakishakatwa, utapata nini ambacho leo hukipati?"

"Mbaazi zangu zitapata jua."

"Na kingine?"

Yule binti aliyekuwa mama akakawia kujibu. "Na atajua kwamba mimi ni mtu. Nilimfuata kwa adabu akanicheka."

Aliyekuwa mzee akasahau kama anaigiza. "Mwanangu, kumbe ndilo lililokuuma." Baada ya dakika chache deni la dawa likatajwa nalo, bila kulazimishwa.

Msuluhishi asiyeijua kazi angesimama kwenye nani mwenye korosho, na hapo wangekesha. Huyu aliuliza mara ya pili. Ndiyo sababu zoezi hili nalirudia kila mwaka.

Sehemu ya mwisho ni kuandika. Makundi mengi huleta karatasi yenye maneno "tutaheshimiana na kuishi kwa amani". Nayarudisha. Makubaliano yaliyokubalika siku ile yalisema: mzee atapogoa matawi yaliyovuka mpaka baada ya mavuno, kabla msimu wa kupulizia haujafika; korosho zilizoanguka upande wa mama msimu huu, watoto wataokota na kugawana nusu kwa nusu na mzee, kwa kupima debe; sehemu ya mzee haitauzwa kangomba, itapelekwa naye chama cha msingi; mzee atamwomba mama radhi mbele ya wawili kati ya waliokuwepo kisimani; likivunjwa lolote, watarudi kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kwenda kokote. Saini mbili, mashahidi wawili, tarehe.

Na migogoro ya wakulima na wafugaji?

Kwa Lindi, hasa Kilwa, Liwale na Nachingwea, huwezi kulikwepa. Wafugaji wengi walishuka kusini baada ya operesheni ya kuwaondoa katika bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006, na wapo waliokwisha kuhamishwa kabla ya hapo. Mkulima naye anaamka Juni kukuta ufuta aliouvuna na kuusimamisha shambani ukauke umekanyagwa wote. Wote wawili wana uchungu wa kweli, na mkufunzi aanzie hapo.

Zoezi lifaalo ni ramani. Wanachuo wachore kijiji wanachokijua: mto, visima, malambo, mashamba, mapito ya mifugo, na mwezi ambao kila sehemu ina mazao. Mara nyingi mgogoro huonekana wenyewe kwenye karatasi, kwa mfano njia pekee ya kwenda majini inapopita kati ya mashamba. Kutoka hapo zungumzieni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, nani anapaswa kukaa kuuandaa, na kama wafugaji wameitwa. Wafundishe pia jambo dogo lenye faida kubwa: mazao yakiliwa, mwite bwana shamba siku hiyohiyo afanye tathmini, na piga picha. Madai yasiyo na tathmini huishia kwenye fimbo na mishale.

Damu ikishamwagika, mwanachuo hana kazi hapo. Ni polisi na uongozi wa wilaya.

Mambo gani hayasuluhishwi?

Ubakaji, ukatili dhidi ya mtoto, kipigo cha kujeruhi, mkufunzi au bosi anayetaka rushwa ya ngono. Haya ni makosa ya jinai. Yanapelekwa dawati la jinsia na watoto polisi, na kwa mtoto kuna namba 116, ambayo hupigwa bure. Familia zikikaa chini ya mwembe na kukubaliana ng'ombe au fedha kwa binti aliyeharibiwa, huo ni ukatili wa pili juu ya ule wa kwanza, hata wazee wote wakiridhia. Nalisema kwa sauti kila muhula, maana kila muhula yupo anayeniambia kwao humalizwa hivyo.

Tahadhari pia pale upande mmoja unapomwogopa mwingine. Anayeogopa atakubali chochote ili kikao kiishe.

Mwanachuo anahitaji kujua sheria kiasi gani?

Kiasi cha kujua mlango wa kugonga. Ardhi ya kijiji: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaweka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la kata lilikuwa na uwezo wa kuamua mashauri ya ardhi, lakini tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapo wazee wengi ambao bado wanasubiri hukumu ya kata, na mwanachuo anayelijua hili anaweza kuwaokolea miezi.

Ndoa: chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa kawaida talaka haifunguliwi mahakamani mpaka baraza la usuluhishi wa ndoa lithibitishe kwamba limeshindwa kupatanisha.

Kazi: aliyeachishwa isivyo haki ana siku 30 kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hilo wahitimu walishike kabisa. Nimewaona vijana wakizunguka kumbembeleza meneja hadi muda ukapita.

Ratiba imejaa. Tuliweke wapi?

Ndani ya stadi za mawasiliano, stadi za maisha au ujasiriamali. Wa ushonaji wafanye zoezi la mteja aliyekataa gauni, wa ujenzi zoezi la kibarua asiyelipwa. Ukipata saa mbili kwa wiki, zisiwe Ijumaa mchana.

Sikusomea haya. Naweza kufundisha?

Ukiweza kusikiliza bila kukimbilia kutoa hukumu, ndiyo. Wakufunzi tuna mazoea ya kutoa jibu, na hapa mazoea hayo yanatukwamisha. Fanya mazoezi na wenzako ofisini kwanza.

Wanachuo wapimwe vipi?

Mtihani wa maandishi hauonyeshi chochote cha maana hapa. Mpe mwanachuo kesi mpya, umtazame kwa dakika 20. Je, kila upande ulimaliza kusema? Aliuliza maswali yanayofungua, au alipeleleza kama askari? Alionyesha upendeleo, hata kwa macho? Makubaliano yanasema nani, nini na lini? Alama nyingi zaidi nampa anayejua kusimamisha kikao kisichofaa kuendelea.

Ugomvi wa kweli ukizuka kati ya wanachuo, tuutumie kama mfano?

Usifanye hivyo hadharani. Watu wawili waliogombania zamu ya bomba la maji wana haki ya kusuluhishwa faraghani kama mtu mwingine yeyote. Ukiisha, na wote wawili wakikubali, mnaweza kuusimulia bila majina.

Tunao wanachuo wenye ndugu ng'ambo ya Ruvuma. Tuwe waangalifu na nini?

Vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilianza Oktoba 2017, na mwaka 2020 wavamizi walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, upande wetu wa Mtwara. Wamakonde wapo pande zote mbili za mto, kwa hiyo hizo kwa wengine ni habari za nyumbani. Usimlazimishe yeyote kusimulia, na usiruhusu mzaha kuhusu lafudhi ya mtu au dini yake. Mwanachuo anayeamka usiku kwa hofu anahitaji mshauri wa wanafunzi au hospitali. Zoezi la darasani litamzidishia.

Tuanze na nini muhula huu?

Waite matroni, patroni na viongozi wa serikali ya wanafunzi. Andikeni ugomvi wote uliotokea mabwenini na karakanani muhula uliopita, bila majina. Mtakuta mwingi unazunguka mambo yaleyale: maji, simu zilizopotea, zamu za usafi, michango ya kundi. Chagueni mmoja unaojirudia zaidi, mwuandikie kadi mbili za siri, na mwufanyie mazoezi wiki ya kwanza. Wiki ya pili waulizeni wanachuo wenyewe ni kanuni gani ya bweni inayouzalisha, kisha mwite uongozi wa chuo uje kuwajibu.